Uliza Tukujibu: Babu alisema Rufiji, simu inasema Norway

Toleo lililopita tuligusa kidogo tu habari ya ile manowari ya Mjerumani iliyozama Rufiji, mistari sita saba hivi, nikadhani imepita. Kumbe barua zimekuja, meseji zimekuja, na karibu zote zina mkanganyiko uleule kwa sura tofauti, ndo maana leo nafasi yote nimeitoa kwa jambo hili moja. Naanza na barua iliyonigusa kuliko zote.

Swali: Shikamoo mzee. Sisi kwetu ni Rufiji, chini kule karibu na delta. Babu yetu mzaa baba, Mungu amrehemu, alikuwa anatuhadithia kwamba baba yake alichukuliwa na Wajerumani kwenda kuvuta mizinga ya meli yao iliyozama mtoni, meli yenyewe ni Königsberg. Sasa mwanangu yuko sekondari, juzi kanionesha kwenye simu kwamba Königsberg imezama Norway mwaka 1940 kwa kupigwa na ndege za Waingereza. Nikakosa la kumjibu. Ukoo mzima tumekaa na hadithi hii miaka yote, je babu alitudanganya?

Jibu: Marahaba mwanangu. Babu hakudanganya hata neno moja, na kitukuu wake naye hakukosea, alichosoma kwenye simu ni kweli. Hizo ni meli mbili, tena ukihesabu vizuri ni tatu, na zote ziliitwa Königsberg.

Ya babu ndo ya kwanza kati ya hizo tatu. Ilishushwa majini mwaka 1905, ikafika Dar es Salaam mwezi wa sita 1914, wiki chache tu kabla vita ya kwanza ya dunia kuanza. Nahodha wake aliitwa Max Looff. Ikapiga Unguja (hiyo nitairudia chini maana kuna mwenzako kaiuliza), halafu ikaingia kujificha kwenye delta ya Rufiji kwa sababu mashine zake zilikuwa zimechoka na makaa yalikuwa ya shida. Wewe unaijua delta yako kuliko mimi, ile mikoko, ile mikono ya mto inayogawanyika na kugawanyika tena, meli kubwa za Waingereza zikabaki nje baharini zinalinda midomo ya mto haziwezi kuingia kwa kina kidogo cha maji. Ikabidi waletwe wadogo wawili, Severn na Mersey, manowari fupi pana zenye kitako bapa zinazoweza kupita mtoni, na ndege zikawa zinaruka kutoka Mafia kwenda kuangalia risasi zinaangukia wapi. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikapigwa hadi ikashindwa kujibu, Looff akaamuru wailipue wenyewe. Ikakaa kwenye tope hapohapo.

Mizinga yake kumi ikaopolewa, na hapo ndo anapoingia baba wa babu yako. Mizinga ile ilitolewa kwenye maji, ikavutwa na watu mpaka Dar es Salaam, ikafungwa magurudumu, na jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani hapa Afrika Mashariki, likazunguka nayo bara. Mzinga wa meli si mzigo wa kubebwa kichwani, ni chuma cha kufungwa kamba na kuvutwa na watu wengi kwenye matope na mchanga, jua linawaka, hakuna barabara. Kwa hiyo babu alipowaambia baba yake alivuta, alikuwa anaongea kitu ambacho kweli kilifanyika, hapo kwenu.

Sasa ya pili. Ujerumani mwanzoni mwa vita vile ilipoteza kruza zake (manowari za mwendo kasi) za ng'ambo moja baada ya nyingine, Emden, Nürnberg, Karlsruhe, na Königsberg. Wakaunda nne mpya na kuzipa majina yaleyale manne ya zilizozama. Königsberg mpya ilishushwa majini Desemba 1915, yaani ile ya Rufiji ilikuwa haijamaliza hata nusu mwaka tangu izame. Hii ndo iliyompeleka Admirali wa Kijerumani Hugo Meurer kwa Waingereza Novemba 1918 kupanga jinsi meli za Ujerumani zitakavyokwenda kukabidhiwa. Baada ya vita wakapewa Wafaransa, wakaibadilisha jina ikawa Metz, wakaja kuivunja miaka ya thelathini.

Ya tatu ndo ya kijana wako. Ilishushwa majini 1927. Aprili 1940 Wajerumani wanaingia Norway, ikapigwa na mizinga ya pwani ya Wanorway pale Bergen tarehe 9, ikabaki imejeruhiwa gatini, na kesho yake asubuhi ndege za Waingereza aina ya Skua zikatoka visiwa vya Orkney, kaskazini ya Uskochi, kuja kuidondoshea mabomu ikazama palepale ilipofungwa. Inakumbukwa sana na watu wa mambo haya kwa sababu ilikuwa manowari kubwa ya mwanzo kuzamishwa vitani na ndege za kushuka wima na mabomu.

Kwa hiyo mwambie kitukuu wa babu: wenye jina hilo ni watatu, mmoja kalala Rufiji, mmoja kabadilishwa jina kwa Wafaransa, mmoja kazama Bergen. Hapa kwetu mtoto akipewa jina la babu yake aliyefariki hakuna anayeshangaa, tunamwita babu na tunamheshimu kwa jina hilo, lakini hakuna anayedhani ndo yuleyule mzee karudi. Meli za vita zinarithishana majina hivyohivyo. Shida inakuja kwenye simu, maana ukiandika jina bila mwaka inakurushia yeyote kati yao.

Swali: Mhariri, hongera kwa kazi. Mimi niko Unguja. Tumesoma shuleni kwamba kwenye vita ya 1896 meli ya Sultani iliyoitwa Glasgow ilizamishwa hapahapa Forodhani. Lakini nimeona sehemu Glasgow ipo kwenye vita kubwa ya baharini Amerika Kusini mwaka 1914, na sehemu nyingine ipo tena Falkland 1982! Au ni kwamba Waingereza waliiopoa wakaitengeneza wakaitumia?

Jibu: Hapana, ya kwenu haikuopolewa wala haikutengenezwa, na naomba nikueleze taratibu kidogo kwa sababu hii nimeipenda sana.

Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kilipiga Unguja, kikavunja minazi na mikarafuu na kikamaliza meli za Sultani Barghash. Akataka nyingine. Mwaka uliofuata, 1873, frigeti (manowari) ya Kiingereza iitwayo Glasgow ilikuwa imetia nanga Unguja, Sultani akaiona, ikamvutia, akaagiza aundiwe ya namna ile. Ikaundwa Uskochi, mji wa Dumbarton, na kampuni ya William Denny, ikamalizika 1878, na jina akaipa lilelile la ile aliyoipenda. Kwa hiyo Glasgow yenu haimo kwenye ukoo wa manowari za Kiingereza hata kidogo. Ni somo wa pembeni. Ni sawasawa na mtu kamwona mgeni mwenye tabia nzuri akampa mwanawe jina la mgeni.

Tarehe 27 Agosti 1896 ndo siku yake. Sultani Hamad alikuwa amefariki siku mbili nyuma, Khalid bin Barghash kaingia kasri bila Waingereza kukubali, wakampa hadi saa tatu asubuhi awe ametoka. Hakutoka. Dakika mbili baadaye mizinga ikaanza, na Glasgow ikiwa peke yake pale bandarini ikawapiga Waingereza, ikaipiga St George, ile kubwa ya Admirali Rawson. Wewe fikiria, meli ya mbao na chuma ya karibu miaka ishirini, mizinga yake midogo, inajibu kwa kruza. Ikajibiwa ikazama. Mabaharia wake wakaokolewa na boti za Waingereza haohao. Vita yote haikufika saa nzima.

Kitu ambacho sitaki usahau ukitoka kusoma hapa: bandari ile haina kina kirefu, kwa hiyo Glasgow ilipokalia chini, milingoti yake mitatu na bomba la moshi vilibaki vinatokeza juu ya maji. Ikakaa hivyo miaka na miaka. Ukipata bahati ya kuona picha za zamani za Forodhani, zile za mwanzo wa karne ya ishirini, angalia kule baharini nyuma ya mashua, utaona miti imesimama kwenye maji kama nguzo za uzio ulioachwa, hiyo ndo Glasgow. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa vita alifika ujana anaiona kila akienda ufukweni. Ndo 1912 wakaja wa vyuma chakavu wakaivunja. Imekwisha hapo, haikwenda Amerika Kusini.

Glasgow uliyoisoma ya 1914 ni nyingine kabisa, kruza ya Waingereza iliyoshushwa majini 1909. Tarehe 1 Novemba 1914 huko Coronel, pwani ya Chile, ilikuwa na wenzake Good Hope na Monmouth, wenzake wote wawili wakazamishwa na Wajerumani na watu wao wote, yeye akaponyoka usiku. Wiki tano baadaye, tarehe 8 Desemba, akarudi akiwa na wakubwa, wakakutana na Wajerumani walewale visiwa vya Falkland, safari hii Wajerumani ndo wakamalizwa karibu wote.

Halafu ya 1982 ni nyingine tena, ya kizazi cha makombora. Kati yao iko moja ya 1936 iliyopigana vita ya pili ya dunia. Ile ya 1982 ilikuwa bahari ileile ya Falkland, tarehe 12 Mei, ndege ya Argentina ikaidondoshea bomu, bomu likaingia ubavu mmoja likatokea ubavu wa pili bila kulipuka. Yaani jina moja, visiwa vilevile, miaka 68 imepita katikati, na mara zote mbili Glasgow ikarudi nyumbani. Mimi si mtu wa ushirikina lakini nimekaa na hilo muda mrefu.

Na ukitaka kujua mwanzo wake, meli ya kwanza ya jina hilo kwa Waingereza ilikuja mwaka 1707, England na Uskochi zilipoungana, Waskochi walikuwa na vimanowari vyao vichache vikaingia kwenye jeshi la pamoja, na kimoja kati ya hivyo kikaitwa Glasgow. Sasa hivi iko mpya inamaliziwa kuundwa, na safari hii inaundwa Glasgow kwenyewe, mto Clyde. Karne tatu na kitu, jina halijatoka majini kwa muda mrefu.

Swali: Habari za kazi. Swali fupi. Pegasus si ndo ile iliyozamishwa na Königsberg hapa Zanzibar 1914? Mbona kuna Pegasus nyingine vita ya pili inarusha ndege?

Jibu: Ndiyo, ndo hiyo. Jumapili tarehe 20 Septemba 1914 alfajiri, Pegasus iko bandarini Unguja inatengenezwa mashine, haiwezi kuondoka, Königsberg ikatokea ikaanza kuipiga kwa mbali, umbali ambao mizinga ya Pegasus ikijibu risasi zinaanguka majini hazifiki. Walikufa 38. Wengi wamezikwa kisiwa cha Chapwani, hapo mbele ya mji, kile ambacho wageni wanakiita kisiwa cha makaburi.

Pegasus inayorusha ndege vita ya pili ndo ina kisa kirefu, maana ile haikuzaliwa Pegasus. Iliundwa 1914 ikaitwa Ark Royal, ni kati ya meli za mwanzo kabisa za kubebea ndege. Sasa Ark Royal kwa Mwingereza si jina la mchezo, ya kwanza ilikuwa ya mwaka 1587 na ndo iliyombeba mkuu wa meli zao walipopambana na Wahispania 1588. Miaka ya thelathini wakaanza kuunda meli kubwa mpya ya kubebea ndege na wakalitaka jina hilo. Lakini lilikuwa na mwenyewe, bado yuko hai. Wakafanyaje? Desemba 1934 wakamvua yule mzee jina lake wakampa Pegasus, na Ark Royal likaenda kwa kijana. Kijana mwenyewe hakudumu, alishushwa majini 1937, Novemba 1941 akapigwa torpido na nyambizi ya Kijerumani karibu na Gibraltar akazama. Mzee aliyenyang'anywa jina akamaliza vita salama.

Mimi hili la kumvua mtu jina akiwa hai huwa linanikaa vibaya moyoni, nasema wazi. La Königsberg na Emden nalielewa, mwenye jina amekufa, unampa mtoto ili asipotee. Hili la Ark Royal sijawahi kulipenda hata kama wenyewe walikuwa na sababu zao.

Swali: Mzee shikamoo, kwani hawana majina mengine? Dunia ina miji mingapi, wanyama wangapi. Kwa nini wasitafute jipya wakaepusha vurugu zote hizi?

Jibu: Marahaba. Wanayo mapya pia wanatumia, ila la zamani linakuja na mzigo wake. Kwa Waingereza meli ikipewa jina la zamani inarithi na vita za waliotangulia. Kuna ubao unatundikwa ndani ya meli, umeandikwa majina ya vita na miaka, na meli mpya kabisa ambayo haijawahi kupiga risasi unakuta ubao wake umeshajaa mistari. Kijana wa miaka 18 anapanda chomboni siku ya kwanza, anapita pale kila siku akienda kula, anasoma vita ya 1827, ya 1914. Anajua yuko chini ya jina la nani.

Wajerumani kwa Emden walifika mbali zaidi. Emden ya kwanza iliharibiwa visiwa vya Cocos Novemba 1914 baada ya kuzisumbua meli za Waingereza Bahari ya Hindi kwa wiki nyingi. Mabaharia wake waliosalia waliruhusiwa kuongeza neno Emden kwenye majina yao ya ukoo, na watoto wao wakalirithi. Yaani jina lilitoka kwenye mji wa Emden huko Ujerumani likaenda kwenye meli, likatoka kwenye meli likaingia kwa binadamu. Na meli nazo zikaendelea, baada ya vita ya pili wameshaunda nyingine, ya karibuni ikiwa ile korveti (manowari ndogo) iliyoshushwa majini 2023.

Lakini hapo hapo angalia Königsberg. Mji wa Königsberg baada ya vita ya pili ulichukuliwa na Urusi, 1946 ukaitwa Kaliningrad. Mji haupo tena kwa jina lile, na manowari ya Ujerumani ya jina lile haijaundwa tena. Kwa hiyo lile jina ambalo babu wa Rufiji alikuwa anawahadithia wajukuu, kwao lilikotoka limezimika, limebaki kwenye tope la delta na kwenye midomo ya watu wa huko.

Kuna na kinyume chake pia, meli ileile moja majina tofauti. Wale Severn na Mersey walioingia Rufiji walikuwa wameundwa kwa ajili ya Brazil na walikuwa na majina ya mito ya Brazil, Waingereza wakawachukua vita ilipoanza wakawapa majina ya mito yao wenyewe, na mpaka hii karne wameunda meli za doria zenye majina hayohayo Severn na Mersey. Na kwetu tunaye Liemba wa Ziwa Tanganyika, aliletwa akiwa Graf von Götzen, Wajerumani wakamzamisha wenyewe 1916, akaopolewa 1924, na 1927 akaanza upya kama Liemba. Huyo ukitafuta historia yake lazima uandike majina yote mawili la sivyo unapata nusu.

Swali: Nifanyeje nisichanganye tena? Nafundisha historia sekondari, Mombasa.

Jibu: Mwalimu, mwaka. Ukiandika ubaoni jina la manowari andika na mwaka iliposhushwa majini, Königsberg ya 1905, Glasgow ya 1909, Pegasus ya 1897. Vitabu vizuri vinafanya hivyo. Na ukiona mwaka wa tukio uko mbele sana ya mwaka wa kuundwa, tuseme miaka hamsini, simama ujiulize kama bado ni yuleyule.

Na kwa kuwa uko Mombasa, wapeleke wanafunzi Fort Jesus. Pale kuna mzinga wa Königsberg na mzinga wa Pegasus, wamewekwa pamoja, yaani aliyepiga na aliyepigwa. Mimi nilifika pale mara ya mwisho saa sita mchana, jua kali, nikaweka mkono mmoja kwenye huu na nikasogea nikaweka kwenye ule, chuma kinachoma vilevile. Watoto wa shule walikuwa wanapanda juu yake kupiga picha, hakuna hata mmoja aliyejua ni nini. Ule wa Königsberg ni mmoja wa wale kumi wa Rufiji. Waambie wanafunzi wako huo si mfano wala sanamu, ulitoka majini Rufiji ukavutwa na watu.

Ndo narudi kwako wewe mwanangu wa Rufiji, maana sijamaliza na wewe. Vitabu vimeandika jina la Looff, vimeandika meli ngapi, mizinga mingapi, tarehe gani. Waliovuta ile mizinga majina yao sijayaona popote. Baba wa babu yako aliitwa nani? Alitoka kijiji gani, alivuta na nani, alirudi lini nyumbani? Kaa na wazee waliobaki wiki hii, mpe kijana wako simu hiyohiyo arekodi, uniandikie. Toleo lijalo ukurasa huu ni wenu.